Shindano la picha la kila mwezi kwenye klabu: kuanzia mada hadi matokeo

Shindano la mwezi haliuawi na picha mbaya. Linauawa na matokeo yaliyochelewa wiki tatu, na kanuni iliyotungwa baada ya ugomvi kuanza, na mratibu anayejumlisha alama kabla hajaamua sare itavunjwaje. Sehemu kubwa ya kazi hufanyika kabla picha ya kwanza haijatumwa. Maelezo haya yanaifaa klabu ya watu 15 hadi 40, wenye kamera kubwa na wenye simu wakiwa pamoja, wanaokutana ana kwa ana mara moja kwa mwezi na siku zilizobaki huonana kwenye kundi la WhatsApp.

Nani afanye nini

Unahitaji mratibu mmoja, mtunza faili mmoja na majaji watatu. Mratibu hutangaza mada, hujibu maswali na huwatafuta majaji. Mtunza faili hupokea picha, hubadilisha majina ya faili na ndiye peke yake anayejua picha ipi ni ya nani. Mtu huyu hashindani katika kipindi chake. Ndiyo maana kazi hii izungushwe kila baada ya miezi mitatu, la sivyo utamnyima mwanachama mmoja mwaka mzima, naye ataacha kuja.

Mratibu anaweza kushindana iwapo haoni orodha ya majina wala haketi na majaji. Klabu ikiwa ndogo mno kiasi cha kumfanya mtu mmoja ashike kazi zote mbili, basi mwezi huo asitume picha. Usijaribu kulainisha hili kwa kuwa mnaaminiana. Siku mratibu atakaposhinda kwa haki kabisa ndiyo siku minong'ono itakapoanza.

Mada

Mada pana huleta picha za akiba. Ukisema "Uzuri" au "Maisha", kila mtu atafungua folda zake za mwaka juzi na kutuma ile picha aliyokwisha kusifiwa. Ukisema "Maji" kwenye klabu ya Dar es Salaam, Mombasa au Tanga, jiandae kupokea machweo ishirini ya baharini na ngalawa moja katikati ya kila moja. Badilisha neno moja tu, "Maji bila bahari", na watu wataanza kuwaona wauza maji wenye mikokoteni, madumu yaliyopangwa foleni, bomba linalovuja na karai la nguo.

Mada nzuri ina mpaka unaoonekana lakini ndani ya mpaka huo kuna njia nyingi. Changanya aina tatu katika mwaka. Kwanza ni mada za vitu na mahali, kama milango, viatu, stendi au jikoni. Pili ni mada za ufundi, ambazo humlazimisha mtu aguse mipangilio asiyoizoea: picha zote ziwe za kasi ya shata ya sekunde 1/15 au ya polepole zaidi, au ziwe za rangi nyeusi na nyeupe, au zipigwe kwa urefu mmoja wa lenzi bila kuzumu. Tatu ni mada za dhana, kama subira, deni au jirani. Hizi za tatu zisizidi tatu kwa mwaka. Jaji mmoja ataiona subira kwa mvuvi anayesubiri samaki, mwingine atasema huyo ni mvuvi tu, na nusu ya mkutano itaishia kwenye mjadala wa maana ya neno.

Angalia kalenda ya hapo ulipo kabla hujapanga. Mvua iwekwe Aprili, wakati wa masika. Mashua na upepo vikae Juni au Julai kusi ikivuma. Klabu za Nairobi zina mijakaranda ya zambarau Oktoba na Novemba, na Dar es Salaam ina mikrismasi inayowaka nyekundu kuelekea Desemba. Unguja kuna sherehe za Mwaka Kogwa kule Makunduchi mwezi Julai. Mada ya "Kivuli" inahitaji hesabu kidogo: sehemu zetu hizi jua la mchana hukaa karibu na utosi kwa muda mrefu wa mwaka (Dar es Salaam hupita utosini kabisa mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba), kwa hiyo waambie wanachama wazi kwamba vivuli virefu vinapatikana kabla ya saa 3 asubuhi na baada ya saa 10 jioni. Asiyeambiwa atatoka saa 7 mchana, atarudi na watu wenye macho meusi kama mashimo, halafu atadhani kamera yake ndiyo mbovu.

Ramadhani husogea nyuma siku 10 au 11 kila mwaka wa kalenda ya kawaida, kwa hiyo usinakili ratiba ya mwaka jana. Mada ya "Chakula barabarani" ikiangukia mwezi wa mfungo, kwenye miji ya pwani watu watakuta mabanda yamefungwa mchana. Ukiigeuza iwe "Futari", utapata mwanga wa magharibi, meza zilizojaa na mikono inayongojea adhana.

Tangaza mada tatu mbele kwa wakati mmoja. Mwenye safari ya Kigoma mwezi ujao atajua abebe nini kichwani.

Tangazo lenyewe

Tangazo liwe na mstari wa maana ya mada, mstari wa vinavyoingia na mstari wa visivyoingia. Huo wa tatu watu huuona kama ukali, lakini ndio unaozuia ugomvi. Mfano:

"MADA YA APRILI 2026: MVUA. Tuone mvua yenyewe, au namna inavyoibadilisha siku ya watu. Vinaingia: madimbwi, miavuli, paa linalovuja, barabara iliyofurika, matone kwenye kioo cha daladala. Haviingii: bahari, mabomba, maji ya kumwagilia bustani, mawingu yasiyo na mvua. Picha 2 kwa kila mwanachama, zilizopigwa kuanzia tarehe 25 Machi. Mwisho wa kupokea ni Jumatatu tarehe 20 Aprili saa 2 usiku (20:00). Matokeo ni kwenye mkutano wa Jumamosi tarehe 25."

Hiyo saa 2 usiku imewekwa kwa sababu. Ukiandika "saa 6 usiku wa tarehe 20", umewagawa watu wako makundi mawili: wengine watahesabu usiku wa kuamkia tarehe 20, wengine usiku wa kuamkia tarehe 21, na kila kundi lina haki kwa Kiswahili chake. Saa 2 usiku haina utata. Tena mtunza faili bado yuko macho, anaweza kumpigia simu mtu ambaye faili lake limegoma kufunguka. Andika na saa ya tarakimu pembeni, maana yuko anayeiona 20:00 kwenye simu na kuiita saa 8, naye asidhani ni saa nyingine. Kama mna wanachama Muscat au Lubumbashi, taja kwamba ni saa za Afrika Mashariki. Wa Muscat wako saa moja mbele yetu, wa Lubumbashi saa moja nyuma.

Mzunguko wenyewe ni huu: tarehe 25 mada inatangazwa, tarehe 20 ya mwezi unaofuata milango inafungwa, tarehe 21 mtunza faili anasafisha na kuhesabu, tarehe 22 hadi 24 majaji wanafanya kazi, tarehe 25 au Jumamosi iliyo karibu nayo matokeo yanatoka na mada mpya inatajwa. Usifunge mapokezi siku ya sikukuu. Mwaka 2026, kwa mfano, Idd el-Fitri ni tarehe 20 au 21 Machi kutegemea kuandama kwa mwezi, basi Machi mapokezi yarudi tarehe 17.

Kwa nini picha 2? Ukiruhusu moja, mwanachama mpya huogopa kukosea na hatumi kabisa. Ukiruhusu tano, anakuachia wewe kazi ya kuchagua, na jaji anaona sura tano za mbuzi yuleyule. Mbili zinampa nafasi ya kujaribu jambo moja salama na moja la kichaa.

Sharti la tarehe ya kupiga lina wapinzani wake, na hoja yao inaeleweka: daktari au dereva wa lori hana wikendi. Hata hivyo bila sharti hilo shindano hugeuka kuwa maonesho ya makabati. Suluhu inayofanya kazi ni kuwa na miezi minane yenye sharti na miezi mitatu ya wazi, ambapo picha ya wakati wowote inaruhusiwa. Desemba iachwe kwa ajili ya picha bora ya mwaka.

Kupokea faili

Hapa ndipo mambo mengi huharibika, na karibu yote huharibika kimyakimya.

Usipokee picha iliyotumwa WhatsApp kama picha. WhatsApp huibana picha, hata ukichagua HD, na hufuta taarifa za ndani ya faili, ikiwamo tarehe ya kupigwa na kamera iliyotumika. Ikiwa lazima mtumie WhatsApp, mtu aitume kama "document", na aitume kwa mtunza faili peke yake, si kwenye kundi. Picha ikishaonekana kwenye kundi, siri ya mwenye picha imekwisha.

Fomu ya Google yenye sehemu ya kupakia faili ni bora zaidi, lakini ina mambo matatu ya kujua. Mtumaji lazima awe ameingia kwenye akaunti ya Google. Faili zinajaa kwenye Drive ya aliyetengeneza fomu, na nafasi ya bure ni GB 15 zinazogawanywa na barua pepe zake. Watu 30 wakituma picha 2 zisizopunguzwa za MB 8, ni MB 480 kwa mwezi, karibu GB 6 kwa mwaka, kwa hiyo fungueni akaunti ya klabu. La tatu linawashtua wengi: Google hubandika jina la mtumaji mwishoni mwa jina la faili. Ukimpa jaji kiungo cha folda hiyo, umempa na orodha ya majina.

Omba JPEG yenye upana usiozidi pikseli 1920 na urefu usiozidi pikseli 1080, katika rangi za sRGB (mpangilio wa rangi wa kawaida wa skrini). Ukubwa huo unalingana na projekta na televisheni nyingi za sasa. Picha ya wima itakuwa na urefu wa 1080 tu, nayo itaonekana ndogo kuliko ya mlalo. Hilo wanachama walijue mapema. Makosa matatu ya faili yatakujia kila mwezi. Picha iliyopauka kama nguo iliyofuliwa mara mia: kamera iliwekwa Adobe RGB, mpangilio mwingine wa rangi, na programu ya kuoneshea haikuelewa. Faili lenye mwisho wa .heic lisilofunguka kwenye kompyuta ya zamani: limetoka iPhone, mwambie achague muundo wa JPEG kwenye mipangilio ya kamera au alibadilishe kabla ya kutuma. Tarehe ya ajabu, labda ya miaka kumi iliyopita: kamera ilikaa muda mrefu bila betri na saa yake ikarudi mwanzo. Usimfukuze mtu kwa hilo. Mwombe picha alizopiga kabla na baada ya hiyo, utaona ukweli.

Baada ya kufunga, mtunza faili ahifadhi nakala asilia kwenye folda isiyoguswa, halafu atengeneze nakala za majaji. Kila faili lipewe namba, kwa mfano 2026-04_017.jpg, na jedwali moja la Excel lioneshe namba hiyo ni ya nani. Namba zipangwe kwa kuchanganya, si kwa mpangilio wa waliotuma. Wale wanaotuma siku ya kwanza hujulikana, na wakipata namba 1 hadi 5 kila mwezi jaji atawatambua.

Jina hukaa pia ndani ya faili, kwa sababu kamera nyingi huruhusu mwenye nayo aandike jina lake humo. Programu ya bure ya ExifTool hufuta yote kwa amri moja, ila ukifuta kila kitu unafuta na alama ya mwelekeo wa picha, halafu picha za wima zilizopigwa kwa simu zinalala ubavu mbele ya majaji. Unafuta pia wasifu wa rangi, yaani maelezo yanayoiambia skrini rangi za faili zisomwe vipi. Amri inayobakisha hivyo viwili ni hii, ukiiendesha ndani ya folda ya nakala:

exiftool -all= -tagsfromfile @ -icc_profile -orientation *.jpg

Programu huacha faili la mwanzo likiwa na neno "_original" mwishoni. Yaondoe hayo kabla ya kumpelekea jaji. Alama ya maji yenye jina, au saini kwenye kona, haifutiki hivyo. Hiyo ikatazwe kwenye kanuni.

Kuhariri, akili mnemba na idhini

Ruhusu kukata, kunyoosha, kurekebisha mwanga na rangi, kufuta vumbi la sensa. Kuondoa nguzo ya umeme au kuongeza ndege angani kuruhusiwe tu kwenye mwezi mliotangaza kuwa wa ubunifu. Picha iliyotengenezwa na akili mnemba (akili unde, yaani AI) isiingie, na hata kipande kilichojazwa na programu kihesabiwe hivyohivyo. Simu za siku hizi huunganisha fremu kadhaa zenyewe bila kumwuliza mtu, na hilo si kosa la mwanachama. Namna ya kuhakiki si kukodolea macho picha ukitafuta vidole sita. Watakaofika nafasi tatu za juu watume faili la kwanza kutoka kwenye kamera, RAW (faili ghafi la kamera) au JPEG isiyoguswa, ndani ya saa 24. Asiyekuwa nalo nafasi inashuka kwa anayefuata. Sharti hilo liandikwe kwenye kila tangazo, maana wengi hufuta picha asilia kwenye memori kadi jioni ileile.

Kuhusu watu walio kwenye picha: mtoto anayetambulika sura aingie kwa idhini ya mzazi, na idhini iwe ya maandishi ikiwa picha itatoka nje ya klabu. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019, na Tanzania ina ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022. "Ilikuwa ya shindano tu" si hoja mtu akilalamika. Wagonjwa na wafiwa waachwe. Ombaomba aliyelala barabarani ni picha rahisi kuliko zote na majaji wameichoka. Droni zina vibali vyake vinavyosimamiwa na mamlaka za usafiri wa anga za kila nchi, basi atakayetuma picha ya angani aambatanishe kibali.

Hakimiliki inabaki kwa mpiga picha. Klabu iombe mambo mawili tu: kuionesha kwenye matokeo, na kuitundika kwenye maonesho ya mwaka ikitaja jina. Kanuni inayosema "picha zote zitakuwa mali ya klabu" huwafukuza wapiga picha wazuri, tena kwa haki.

Kuhukumu

Majaji wawe watatu. Mmoja hana wa kumpinga, na wawili hufungana. Angalau mmoja atoke nje ya klabu, na mmoja anaweza kuwa mtu wa macho lakini si wa kamera: mchoraji, fundi wa kuchapa, mwalimu wa sanaa. Mlipe nauli. Ukimwomba bure, mara ya tatu atakuwa na dharura.

Kwanza kabisa majaji waamue kuhusu mada tu, ndiyo au hapana. Wawili kati ya watatu wakisema hapana, picha inatoka bila alama. Wengi huchanganya mada ndani ya alama, "pointi 3 za mada", na matokeo yake ni kwamba picha kali ya simba inashinda mwezi wa milango kwa kuwa imepoteza pointi 3 tu.

Halafu zioneshwe zote mara moja bila kuandika chochote, sekunde 5 kila moja. Kwa picha 40 hiyo ni dakika tatu na sekunde 20, na inazuia ile hali ya picha ya kwanza kupewa 6 kwa woga. Raundi ya pili sekunde 30 kila moja, jaji anaandika inabaki au inatoka. Hiyo ni dakika 20. Zitakazobaki, kati ya 8 na 12, zipewe dakika mbili kila moja. Kazi nzima ni saa moja pamoja na chai.

Sasa alama. Njia ya kumpa kila jaji aandike 1 hadi 10 kisha ujumlishe ina tatizo linalojificha. Tuseme majaji A na B ni watu wa kati, alama zao zote ziko 6 hadi 8. Jaji C hutumia 2 hadi 9. Picha namba 7 imepata 8 kwa A, 8 kwa B na 4 kwa C: jumla 20. Picha namba 12 imepata 6, 6 na 9: jumla 21. Namba 12 imeshinda, ingawa majaji wawili kati ya watatu wameiweka mwisho. Aliyeamua ni C peke yake, si kwa kuwa anajua zaidi, bali kwa kuwa anatumia rula ndefu.

Badala yake, kila jaji apange tano zake bora. Ya kwanza ipate pointi 5, ya pili 4, hadi ya tano 1. Kwa mfano huohuo, kama fainali ni picha tano, namba 7 ni ya kwanza kwa A na B na ya nne kwa C: 5 + 5 + 2 = 12. Namba 12 ni ya mwisho kwa wawili na ya kwanza kwa C: 1 + 1 + 5 = 7. Rula zimelingana. Sare ivunjwe kwa kuangalia ipi imewekwa ya kwanza na majaji wengi zaidi, na zikifungana tena, aamue jaji wa kutoka nje. Iandikwe hivyo mapema.

Jaji akitambua picha ya mtu wake, ndugu au mwanafunzi, aseme na asiipange. Kwa picha hiyo tumia wastani wa wale wawili mahali pa pointi zake.

Kura za wanachama ni tamu lakini ziwe tuzo ya pembeni. Kura ya WhatsApp huonesha nani kampigia nani, na ina nafasi 12 tu za majibu. Mtu hatampigia kura mwanafunzi ikiwa mwenyekiti anaona. Tumieni fomu isiyodai jina, au vikaratasi kwenye mkutano, kila mtu akichagua tatu na asijipigie mwenyewe. Kuhesabu mioyo na vidole gumba kwenye kundi ni kupima nani ana marafiki wengi wenye bando.

Chumba na skrini

Televisheni mpya mara nyingi hutoka dukani ikiwa kwenye hali ya rangi kali, na kijani cha mgomba kinakuwa kama cha soda. Ibadilishe iwe hali ya sinema. Baadhi hukata kingo za picha kwa asilimia chache bila kusema. Weka picha yenye mstari mwembamba kuzunguka ukingo, na mstari usipoonekana pande zote nne, tafuta kwenye mipangilio ukubwa wa picha halisi. Kwa projekta, funga mapazia na tengeneza ngazi ya vipande 11 vya kijivu, kutoka nyeusi hadi nyeupe. Vile viwili vya mwisho kila upande visipotofautiana, picha za usiku na za kanzu nyeupe zitahukumiwa kwa makosa ya ukuta. Majaji wakifanya kazi wakiwa nyumbani, waambie watumie kompyuta, si simu, na mwanga wa skrini usiwe wa chini kabisa kuokoa betri.

Maoni na matokeo

Mwanachama aliyeshika nafasi ya 23 hakuja kusikia nani kashinda. Amekuja kujua picha yake ilikwama wapi. Kila picha iliyofika raundi ya mwisho ipate sentensi mbili za jaji, na nyingine ipate moja kwa mwenye kuiomba. "Picha nzuri, hongera" haina kazi. Linganisha na hii: "Jicho linakwenda kwenye ndoo nyekundu iliyo kushoto kabla ya kufika kwenye mikono ya mama. Hatua moja kulia ingeificha ndoo nyuma ya nguzo." Mtu anaondoka na kitu cha kufanya kesho. Jaji aseme jicho linakwenda wapi, nini kinalizuia, na nini kingefanyika pale pale kwenye tukio au baadaye kwenye kuhariri. Kamera na bei yake visitajwe.

Tangaza kutoka ya tatu hadi ya kwanza, picha ikae skrini sekunde 20 kabla ya jina. Malalamiko yapokewe kwa saa 48, nayo yawe ya kanuni tu: tarehe, mada, uhariri. Ladha ya jaji haikatiwi rufaa.

Mwezi wa nne tangu kuanza, kama ilivyo ada, idadi ya picha itashuka, na sababu ni ileile: watu watatu wameshinda mfululizo. Gawa madaraja mawili, wanaoanza na wazoefu, kwa picha zilezile na majaji walewale ila orodha mbili za matokeo. Aliyeshinda mara tatu daraja la chini hupanda mwezi unaofuata. Usigawe kwa simu na kamera. Mwenye simu aliyekomaa atatawala kundi lake peke yake na utakuwa umerudi ulikoanzia.

Pointi za mwaka: 10, 8, 6, 5 na 4 kwa tano za juu, na 1 kwa kila aliyetuma picha halali. Jumlisha miezi 8 bora kati ya 11, ili aliyesafiri au aliyefiwa asijione ametoka mbioni. Tuzo iwe ndogo na ya kazi, kama memori kadi ya GB 64 au picha yake iliyochapwa na kuwekewa fremu. Fedha nyingi huleta watu wa kushinda, na hao huondoka nayo.

Kuhusu kuchapa, zile pikseli 1920 hazitoshi. Kwenye karatasi ya inchi 8 kwa 12 zinatoa pikseli zisizozidi 160 kwa inchi, na nywele zitaonekana kama zimepakwa. Mwombe mshindi faili la angalau 3600 kwa 2400 siku ileile ya matokeo, wakati bado ana furaha, na likae kwenye folda ya asilia pamoja na mengine. Ukisubiri hadi Novemba maonesho yakikaribia, nusu yao watakuwa wamebadilisha simu.